MITANDIO MYEUSI YA MADINA NA MZIGO UNAOKUJA NA BASI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Wiki iliyopita dada mmoja wa Iringa, maeneo ya Kihesa, aliniandikia ujumbe. Jina lake silitaji, na yeye mwenyewe ameniruhusu nieleze habari yake. Alikuwa ni mweka hazina wa kikoba chao cha akina mama. Jioni ile alikabidhiwa shilingi 180,000 azipeleke benki asubuhi. Usiku, watoto wamelala, akashika simu. Ikamjia video ya mkanda wa kuunguza mafuta ya tumbo. Mwanamke wa kwanza ana tumbo, mwanamke wa pili hana, wanasema ni mtu yule yule baada ya siku kumi na nne. Chini yake saa inahesabu dakika kurudi nyuma na maandishi mekundu: zimebaki saba tu. Saa tano na robo usiku akatuma hela. Mzigo ukaja na basi kutoka Dar, akaupokea stendi ya Igumbilo. Mkanda ule ulipata moto siku moja. Siku ya pili haukuwaka tena, na namba ya muuzaji haipatikani mpaka leo.

Akaniuliza hivi: "Ustadh, je, nimepata dhambi au nimepata hasara tu?"

Nilimjibu kwa maneno machache, na jibu hilo nitakueleza mbele. Lakini swali lake halikuniacha. Nimelala nalo siku tatu. Kwa sababu wengi wetu tukisikia habari kama hii tunacheka, tunasema watu wa siku hizi wameharibiwa na simu. Ndugu yangu, simu imekuta kazi imeshaanza zamani. Njoo nikusimulie.

Katika vitabu vya adabu vya Waarabu, kikiwemo Kitab al-Aghani cha Abul Faraj al-Isfahani, kuna kisa cha mfanyabiashara wa Iraq aliyeleta mitandio Madina. Nasema mapema, hiki ni kisa cha wanaadabu, si hadithi ya Mtume swalla Allahu alayhi wasallam, kwa hiyo kipokee kama historia inavyopokewa. Mfanyabiashara yule aliuza mitandio ya rangi zote ikaisha. Ikabaki myeusi tu. Wanawake wa Madina hawakuitaka. Akakaa na mtaji wake umekwama, kama vile ndugu zetu wa Mwanjelwa wanavyokwama na robota la mitumba lisilo na bahati.

Alikuwa na rafiki mshairi, ad-Darimi, aliyekuwa mashuhuri kwa mashairi ya mapenzi, lakini wakati huo ameacha hayo yote, amekaa msikitini anaabudu. Akamwendea akamlilia shida. Ad-Darimi akasema, usijali, nitakuuzia. Akatunga beti chache kumhusu mwanamke mrembo mwenye mtandio mweusi, aliyempita mcha Mungu mlangoni kwa msikiti akamvuruga akili. Beti zile zikatiwa sauti zikaimbwa. Mji mzima ukasema: kumekucha, ad-Darimi ameacha ibada kwa ajili ya mwenye mtandio mweusi! Basi hakubaki mwanamke wa Madina mwenye uwezo isipokuwa alitafuta mtandio mweusi. Vyote vikaisha. Ad-Darimi aliposikia kwamba mzigo umekwisha, akarudi zake msikitini akaendelea na ibada.

Wahadhiri wengi wakikisimulia kisa hiki wanacheka, na kweli kinachekesha. Mimi nataka uangalie kitu kimoja. Kitambaa hakikubadilika. Kilikuwa kilekile asubuhi na jioni. Kilichobadilika ni habari iliyokizunguka. Na aliyeibadilisha si mfanyabiashara, ni mtu ambaye watu walimwamini kwa jambo lingine kabisa. Walimwamini kwa ibada yake, naye akaikopesha ibada ile kwa kitambaa. Shika neno hilo, maana nitarudi kwalo na litanihusu mimi.

Sasa tusogee huku kwetu. Mwaka 1857 Mwingereza Richard Burton alipita bara kutoka pwani kwenda Ziwa Tanganyika, akafuata njia ya misafara kaskazini ya hapa petu. Aliandika mambo mengi, mengine ya dharau kwa babu zetu, hayo tunamwachia mwenyewe. Lakini alikuwa na jicho la biashara, na alieleza kwa urefu habari za shanga. Anasema kulikuwa na aina kama 400 za shanga katika biashara ile, na kila nchi ilikuwa na yake. Shanga iliyotamaniwa mwaka huu Ugogo, mwakani hawaitaki hata bure. Mfanyabiashara aliyefika na rangi iliyopitwa na wakati alikuwa kama mtu aliyebeba mawe kutoka Bagamoyo.

Katika hizo aina zote mfalme alikuwa samesame, ushanga mdogo mwekundu wa kioo uliotengenezwa Venice, Italia. Watu wa njia ya misafara waliupa majina mawili ya Kiswahili, na Burton akayaandika. Moja maana yake ni kimaliza chakula, kwa sababu mtu alikuwa tayari kutoa chakula chake ili aupate. Jingine lilikuwa kivunja-mji, kwa sababu ya namna akina mama walivyoupigania mpaka nyumba zikayumba.

Kivunja-mji! Ndugu yangu, miaka zaidi ya 160 iliyopita, hakuna simu, hakuna umeme, hakuna matangazo, na Waswahili tayari wamekwisha kuipa bidhaa ya mkumbo jina lake. Na wala usiwatupie lawama wanawake peke yao kama Burton alivyofanya. Pembe za ndovu zilizobadilishwa na shanga zile zilitolewa na wanaume, na wenye tamaa ya bunduki na nguo za Merikani walikuwa wanaume. Nguo ile yenyewe, Merikani, ilikuwa pamba nzito tu ya viwandani kutoka Marekani, iliyoingia Zanzibar kwa wingi baada ya mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said na Wamarekani. Kwa nyuzi haikuwa na ajabu. Mafundi wa kufuma walikuwepo bara muda mrefu kabla yake. Lakini aliyeivaa alionekana ametoka mbali.

Kwa nini nakwambia haya? Kwa sababu wapo wanaosema kwamba sisi wa nyanda za juu ni watu wa shamba, watulivu, hatuna tabia ya kukimbilia vitu. Tulikuwa hatukimbilii kwa sababu vitu havikuwepo. Kizazi changu kinajua.

Mimi nimekulia Iringa mjini. Mwaka 1983 nilikuwa na miaka kumi na miwili hivi. Vita vya Uganda vimeisha, nchi haina fedha za kigeni, na kwenye duka la RTC rafu ni tupu. Sabuni ilikuwa habari ya mjini. Mama alitufulia kwa majani ya mpapai. Ukiona foleni unaingia kwanza, halafu ndiyo unamuuliza wa mbele kinachouzwa. Siku moja nilipanga foleni saa tatu nikatoka na betri mbili za redio, na redio hatukuwa nayo. Marehemu baba hakunigombeza. Alizipokea akaziweka kabatini, kwa sababu kitu kilichopatikana siku zile hakiachwi.

Mwaka ule ule serikali iliendesha operesheni dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, na wengine waliamka wakakuta bidhaa zimetupwa mtoni au zimefukiwa mashimoni na wenye nazo kwa hofu. Mwaka 1984 milango ikaanza kufunguliwa, wenye fedha zao nje wakaruhusiwa kuleta bidhaa. Kisha ikaja enzi ya Mzee Ruksa. Mitumba ikaja, mafuta ya kupaka yakaja, redio za kaseti zikaja. Mwaka 1994 televisheni ya ITV ikaanza, na Tanzania Bara kwa mara ya kwanza tukaona tangazo linalotembea.

Naeleza haya kwa sababu nadhani kuna ugonjwa tuliobaki nao. Mtu aliyelelewa na njaa ya vitu, akisikia "zimebaki saba tu", moyo wake haupigi hesabu, unakumbuka foleni. Na tumewarithisha watoto wetu hofu hiyo bila kuwaeleza ilikotoka. Muuzaji wa mtandaoni hajui historia hii, lakini anajua kwamba maneno yale yanafanya kazi.

Halafu ikaja miaka miwili ambayo ilibadilisha kila kitu. Aprili 2008 M-Pesa ilianza Tanzania. Julai 2009 mkongo wa SEACOM wa chini ya bahari ukafika Dar es Salaam na intaneti ikaanza kushuka bei. Kabla ya hapo, kati ya tamaa na hela kulikuwa na safari: uvae viatu, upande daladala, ufike sokoni, ukute muuzaji wa pili mwenye bei ndogo, ukutane na jirani akuulize unakwenda kununua nini. Njia ile ilituokoa mara nyingi bila sisi kujua. Sasa njia imeondolewa. Hela iko kwenye simu ile ile iliyo na tangazo.

Mtume swalla Allahu alayhi wasallam alikataza watu wasitoke nje ya mji kuupokea msafara njiani kabla haujafika sokoni. Sababu waliyoitaja wanavyuoni ni kwamba mwenye mali aliyepokelewa njiani hajui bei ya soko, kwa hiyo anapunjwa. Na ikitokea amepunjwa, akifika sokoni ana haki ya kuvunja mauzo. Leo mambo yamegeuka. Mnunuzi ndiye anayepokelewa njiani. Anapokelewa kitandani, saa tano usiku, hajafika soko lolote, hajui bei ya mkanda ule Kariakoo ni shilingi ngapi.

Kipindi hicho hicho tulipata mafunzo mawili makubwa ya taifa, na sijui tuliyasahau vipi. La kwanza ni DECI. Wengi mnaikumbuka. Unapanda mbegu, unasubiri wiki kadhaa, unavuna mara mbili au zaidi. Ofisi zake Dar es Salaam zilijaa watu, matawi yakaenea mikoani. Walioianzisha walikuwa na sura ya dini, wachungaji, na lugha yenyewe ya kupanda na kuvuna ilikuwa ya dini. Lakini Mwislamu asijitoe kimasomaso. Hapa Mbeya nawajua Waislamu waliouza ng'ombe wakapanda. Mwanzo walivuna kweli, na hilo ndilo lililowamaliza wengine, maana jirani yako akikuonyesha hela mkononi huulizi tena imetoka wapi. Ilitoka kwa aliyepanda baada yake. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wake.

La pili ni kikombe cha Loliondo, 2011. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri katika kijiji cha Samunge alikuwa akitoa dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Kwa hili simhukumu yule mzee, ameshafariki, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko soda mbili. Ninachokitazama ni barabara. Kikombe shilingi mia tano, lakini nauli ya kutoka Mbeya mpaka kule, kulala porini kwenye foleni ya magari ya kilomita nyingi, wagonjwa waliotolewa hospitalini wakafia njiani, madaktari wanalia kwamba watu wanaacha dawa zao. Hiyo ndiyo bei iliyokuwa haitajwi. Kila kitu cha mkumbo kina bei mbili, ile iliyoandikwa na ile unayoikuta mbele. Kisha vikazuka vikombe vingine mikoani, mpaka huku kwetu, kwa sababu anayeuza kwa mkumbo hajali kitu chenyewe, anatazama foleni iko wapi.

Yaliyofuata mnayajua. Programu za kutazama video ulipwe, mapema mwaka 2025 tukaona LBL na watu waliokamatwa mikoa kadhaa. Hayo ya kutafuta faida ni mlango wake. Leo nazungumzia mlango wa kununua.

Nimefika mahali pagumu, nami nitasema kama ilivyokuwa.

Mwaka 2013 alinijia kijana mmoja aliyevaa suti, mwenye adabu, anasali nasi. Alikuwa anauza virutubisho vya kampuni moja ambayo siitaji. Boksi moja shilingi 75,000. Akanipa boksi la zawadi kwa ajili ya magoti yangu, nami magoti yalikuwa yananisumbua kwelikweli wakati wa kusujudu. Nikayanywa siku nne. Siku ya tano, baada ya swala ya Isha, akaniomba nimpe nafasi ya dakika mbili azungumze na waumini. Nikampa. Alipomaliza, yeye mwenyewe hakuniomba neno zaidi, lakini nikasimama nikasema: mimi mwenyewe natumia, na alhamdulillah naona nafuu.

Nafuu ya siku nne! Ulikuwa mwezi wa tisa, baridi ya Mbeya inakwisha, na magoti yangu kila mwaka yanapata nafuu mwezi wa tisa. Nilijua hivyo. Nilisema tu.

Zaidi ya watu ishirini walinunua usiku ule na siku mbili zilizofuata. Baada ya wiki kijana akaniletea bahasha. Nikaipokea. Nilijiambia ni hadiya.

Kulikuwa na mzee wetu mmoja wa safu ya kwanza, mkulima wa viazi upande wa Uyole. Alikuwa ameuza viazi vyake, na hela ile ilikuwa ya mbolea ya msimu unaofuata. Alinunua maboksi manne, shilingi 300,000. Mvua zilipoanza alipanda bila mbolea. Mwezi wa kwanza nikapita shambani kwake, nikaona majani ya njano, vishina vyembamba, na shamba la jirani yake kando limesimama kijani. Nikamuuliza, Mzee wangu, mbona shamba liko hivi? Akaniambia hela ilipokwenda. Hakunilaumu. Nikamwambia, sasa mzee, ile dawa mbona ulinunua yote ile bila hata kujaribu? Akanitazama akasema: "Sheikh, mimi sikununua dawa. Nilinunua neno lako."

Wallahi nilirudi nyumbani kwa miguu na sikumbuki njia.

Usiku ule nikafungua kitabu cha biashara ambacho nimekisomesha madrasa miaka mingi, mlango wa najshi. Katika hadithi ya Ibn Umar radhiyallahu anhuma, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume swalla Allahu alayhi wasallam amekataza najshi. Tulifundishwa tafsiri yake kwa mfano wa mnada: mtu anasimama anapandisha bei ya kitu, hana nia ya kukinunua, ili mwingine adanganyike adhani kitu kina thamani. Asili ya neno kwa Waarabu ni kumkurupusha mnyama kichakani ili mwindaji ampate. Nimeisomesha tafsiri hiyo mara ngapi! Na siku zote nilidhani mwenye najshi ni dalali wa mnadani. Sikujua kwamba anaweza kuwa amevaa kanzu na ameshika kipaza sauti. Ad-Darimi angalau mfanyabiashara alikuwa rafiki yake mwenye shida. Mimi nililetewa bahasha.

Sasa tazama simu yako. Yule msanii anayesema "mimi natumia hii", wale mia tatu walioandika chini "nimepokea mzigo wangu, asante", ambao ukiwafungua hawana picha wala marafiki. Yule anayeuliza bei na mwingine anayejibu haraka "dada wahi, mimi nimepata ya mwisho". Hao ni watu wa najshi. Wanapiga vichaka, na mnyama ni wewe.

Na wapo wa kwetu, na hawa wananiuma zaidi. Habbat sauda ni kitu chema na asali Allah ameisifu. Lakini mtu anachukua chupa ya mafuta, anabandika picha ya Al-Kaaba, anaita dawa ya Kisunna, anapandisha bei mara tatu, na anaandika kwamba inatibu kisukari, pressure, jini na ugumba kwa pamoja. Muulize kama imesajiliwa TMDA, atakwambia una imani dhaifu. Ndugu yangu, Mtume swalla Allahu alayhi wasallam alipita sokoni kwenye chungu ya nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu, akamuuliza mwenye nafaka kwa nini hakuuweka juu watu wauone, na akasema kuwa anayeghushi si katika yeye. Yaani Mtume mwenyewe aliingiza mkono. Hakuridhika na juu. Wewe nani akwambie kuuliza ni udhaifu wa imani?

Kuna sahaba ambaye habari yake imenifaa sana baada ya mambo yale. Anatajwa kwa jina la Hibban bin Munqidh, na wengine wamesema ni baba yake. Alipata jeraha la kichwa, ulimi wake ukawa mzito na akili ya biashara ikapungua, lakini hakuacha kufanya biashara, na kila siku akawa anapunjwa. Jamaa zake wakamlalamikia kwa Mtume azuiwe asiuze wala kununua. Mtume alipomkataza akasema hawezi kuacha. Basi Mtume akampa njia: kila akifanya biashara aseme kwamba hakuna hadaa, kisha awe na hiari ya siku tatu katika kila alichonunua. Akiridhika anakishika, asiporidhika anakirudisha kwa mwenyewe.

Siku tatu. Katika fiqhi tunaiita khiyari ya sharti, na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi'i wamesimama kwenye siku tatu hizo. Zamani nilikuwa nawasomesha vijana mlango huu wanasinzia. Sasa nauona ni mlango wa mjini. Hibban alikuwa na jeraha la kichwa. Sisi saa tano usiku, tumechoka, bando linaisha, taa imezimwa, tuna akili kiasi gani?

Basi hiki ndicho ninachokifanya mimi nyumbani kwangu tangu mwaka ule, ukitaka ufanye, hukutaka basi. Kitu chochote nilichokiona kwenye simu, nakiandika kwenye daftari pamoja na bei na tarehe. Sinunui mpaka zipite siku tatu. Zikipita, nampigia mtu Kariakoo au napita Mwanjelwa kuuliza bei yake. Muuzaji nampa sharti moja tu: nilipe baada ya kufungua na kujaribu mbele ya bodaboda aliyeleta. Akikataa, tumeachana kwa salama. Daftari lile lina vitu vingi ambavyo leo nikivisoma sikumbuki nilivitakia nini. Kuna hata blenda ya kuchaji, na kwangu kuna kinu.

Mke wangu alinicheka mwanzo. Akasema utakuta ofa imeisha. Nikamwambia tungoje tuone. Ofa ile ya "leo tu" tuliikuta wiki ya pili, ikasema "leo tu".

Na Umar bin al-Khattab radhiyallahu anhu, imepokewa kwamba alimkuta Jabir bin Abdillah amebeba nyama, akamuuliza ni nini. Jabir akasema tulitamani nyama, nikanunua ya dirhamu moja. Umar akamuuliza kama kila anachokitamani ndicho anachokinunua, na kama hawezi kulikunja tumbo lake kidogo kwa ajili ya jirani na binamu yake. Nyama ya dirhamu moja, ndugu zangu! Nyama ni halali, hela ni yake, na Jabir si mtu wa israfu. Umar hakuuliza uhalali wa nyama. Aliuliza nani ameshika usukani, mtu au tamaa yake.

Neno moja kwa vijana wetu wa Mbarali na Ubaruku, maana msimu wa mpunga uko karibu. Wauzaji wanajua kalenda yenu kuliko mnavyodhani. Mwezi wa sita na wa saba, gunia likishapimwa, ndipo matangazo ya spika, simu na saa za bei ya kutupwa yanapokufuateni. Na aliyekosa hela anaelekezwa kwenye mkopo wa simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Sitaki kuingia kwenye riba leo, hukumu yake mnaijua. Nasema tu kwamba mtu anakopa kausha damu ili anunue spika, halafu wanampigia simu baba mkwe wake kumdai. Hayo nimeyasuluhisha barazani kwangu mwaka huu mara mbili.

Turudi kwa dada yetu wa Kihesa. Nilimjibu hivi: Mkanda wenyewe ni hasara, na aliyekuuzia kwa uongo ndiye mwenye dhambi ya uongo wake. Lakini hela haikuwa yako. Ilikuwa amana. Hapo ndipo toba inahitajika, na toba ya haki ya watu haiishi kwenye msala, mpaka urudishe. Waambie wenzako kabla hawajajua, na mweleze mume wako.

Juzi ameniandikia tena. Mume alinyamaza siku moja, siku ya pili akatoa elfu themanini ya kodi ya fremu yake. Iliyobaki analipa elfu kumi na tano kila Ijumaa kwa kukaanga vitumbua. Akina mama wa kikoba wamemvua uweka hazina, lakini hawakumtoa. Ameniambia wawili kati yao walimfuata pembeni wakamwonyesha mikanda yao, ile ile.

Na yule mzee wa Uyole nilimnunulia mbolea msimu uliofuata. Ile bahasha niliitoa, na nikasimama baada ya Isha, mahali pale pale, nikawaambia waumini nilichofanya. Wengine walinisamehe, mmoja alihama msikiti. Mzee alinirudishia boksi moja ambalo hakulifungua. Liko juu ya kabati la vitabu vyangu, karatasi yake ya nailoni haijatoka. Mjukuu wangu aliniuliza mwezi uliopita kama ni zawadi. Nikamwambia ni gunia la mbolea.

Maswali ya khiyari ya kurudisha kitu kwa sababu ya kasoro yawekeni hapa chini, nitayajibu darsa ya Alhamisi baada ya Maghrib, inshaAllah.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.